Nunua namba, usinunue boksi: namna ninavyopunguza gharama za spea na oili za trekta

Mfuko ulikuwa wa kupendeza, una nembo ya kampuni ya trekta na stika yenye namba ndefu. Nilikuwa nimelipa shilingi 38,000 kwa wakala wa kampuni ya trekta, nikapanda nao basi hadi Kibaigwa nikiwa nimeupakata kama dawa ya mgonjwa. Fundi wetu mzee akauchana, akatoa beringi, akaipangusa kwa kidole gumba na kunionyesha ubavuni. Pale kwenye chuma palikuwa na jina la kiwanda cha beringi na namba fupi: 6205-2RS.

"Mama, hii mbona ipo duka la beringi pale Dodoma mjini."

Wiki iliyofuata nilikwenda kuuliza. Jina lile lile, namba ile ile, shilingi 14,000.

Nilirudi nyumbani nikatoa risiti zote za misimu mitatu, nikazitandaza mezani na taa ya sola. Usiku ule ndipo nilipoanza daftari ambalo ndilo msingi wa haya ninayoandika. Mimi si fundi. Ni mkulima wa mahindi na alizeti, shamba liko upande wa Kiteto, na trekta langu ni Massey Ferguson 290 nililolinunua likiwa limeshatumika. Linanilimia mimi kwanza, kisha linawalimia wengine kwa ekari. Fedha za matengenezo zinatoka kwenye ekari hizo hizo, kwa hiyo kila shilingi inayokwenda bure kwenye spea ninaijua imelimwa kwenye tope lipi.

Bei nitakazotaja ni za risiti zangu za msimu uliopita. Kwako zitakuwa nyingine. Angalia uwiano kati ya bei moja na nyingine, maana huo ndio unaofanana kila mahali.

Nani anatengeneza kilichomo ndani ya boksi

Kampuni ya trekta haitengenezi kila kitu kilicho kwenye trekta. Beringi inanunua kwa watu wa beringi, sili kwa watu wa sili, filta kwa watu wa filta, kisha inaweka kwenye boksi lake na kugonga namba yake. Injini ya 290 yangu yenyewe ni Perkins, A4.248, silinda 4. Massey Ferguson iliinunua Perkins mwaka 1959. Leo Massey iko chini ya AGCO tangu 1994 na Perkins iko chini ya Caterpillar tangu 1998. Juu ya hapo, Massey zimeundwa kwa leseni Pakistan kwa Millat na India kwa TAFE. Ndiyo maana spea moja ya trekta langu inaweza kukufikia ikiwa na majina manne, namba nne na bei nne.

Chukua filta ya oili ya injini. Kwa wakala utapewa boksi la Massey. Kwa muuza spea za Perkins utapewa 2654403. Kwa muuza filta za malori utapewa Donaldson P554403. Zote zinafunga pale pale na kufanya kazi ile ile. Mimi ya wakala niliuziwa 48,000, na ya duka la malori 25,000.

Simwiti wakala mwizi, na sipendi wenzangu wanavyomsema hivyo. Anakaa na spea ambayo huenda itauzwa baada ya miaka mitatu, ana kitabu cha spea, ana watu wanaojua kukisoma. Hiyo huduma ina bei yake. Swali langu ni moja tu kila ninaposimama kaunta: kwa spea hii, huduma hiyo ninaihitaji, au ninalipia boksi?

Ukurasa wa namba

Kazi ya kwanza haigharimu kitu. Chukua daftari gumu, si la kurasa za kuchanika, na ukurasa wa mwanzo andika kilichopo kwenye kibati cha trekta: modeli, namba ya chesisi, namba ya injini. Namba ya injini ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu trekta zilizopita mikononi mwa watu wengi zimebadilishwa injini. Jirani yangu alinunua gasketi kwa jina la trekta, kumbe chini ya boneti mlikuwa na injini ya ukubwa mwingine kabisa.

Kisha kila spea inapofunguliwa, kabla fundi hajaitupa, isafishe kwa dizeli na uandike namba zote zilizochongwa au kupigwa chapa juu yake. Zote, hata usizozielewa. Baada ya msimu mmoja utakuwa na ukurasa unaokuzidishia nguvu dukani. Muuzaji anayemwona mama amesimama na kusema "naomba spea ya Massey" ana bei yake. Anayesikia "naomba 6205, mipira pande mbili, una ya kiwanda gani?" ana bei nyingine. Nimeyaona haya kwa macho yangu, duka moja, siku mbili tofauti.

Beringi zina lugha rahisi. Tarakimu mbili za mwisho zizidishe kwa 5 upate upana wa tundu la ndani kwa milimita: 05 ni milimita 25, 06 ni milimita 30, na kanuni hii inashika kuanzia 04 kwenda juu. Kwa hiyo 6205 ni tundu la 25, upana wa nje 52, unene 15, popote duniani. Herufi zinazofuata nazo ziandike. 2RS ni vifuniko vya mpira pande zote, ZZ ni vya bati. Ukiona C3 usiiache, maana yake beringi imeachiwa nafasi kubwa kidogo ndani kwa ajili ya joto, na ukifunga isiyo na C3 mahali hapo itaungua mapema.

Sili za oili ni vivyo hivyo. Ubavuni pameandikwa kitu kama 45-62-8: shafti ya 45, nyumba ya 62, unene 8. Duka lolote la sili litakupa. Ila kabla hujafunga mpya, pitisha ukucha kwenye shafti mahali mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja kama ya zamani hata uwe umeinunua kwa wakala kwa bei ya mbuzi. Hapo shafti ndiyo ya kushughulikia, au umwombe fundi aisukume sili milimita mbili ikae pembeni ya mfereji.

Mikanda ya feni pima upana na urefu, au peleka wa zamani. Mipira ya haidroliki usinunue iliyotengenezwa tayari kwa wakala. Peleka wa zamani kwa wanaobana vichwa vya mipira, na usome maandishi yake: R1 una wavu mmoja wa waya, R2 una nyavu mbili. Palipokuwa na R2 usikubali R1.

Filta

Filta ya dizeli ya trekta nyingi za zamani ni ile iitwayo CAV 296, kwa namba kamili 7111-296, na kwa Perkins ni 26561117. Hiyo hiyo imo kwenye Ford nyingi za umri huo. Kwa wakala nilinunua 22,000. Dukani, ya kiwanda kinachojulikana, 9,000. Na zipo za 3,500 ambazo sitaki hata kuziona karibu na banda langu.

Trekta langu lina mbili, na tunanunua dizeli kwenye mapipa, kwa hiyo nazibadilisha kila huduma ya saa 250 za injini kufanya kazi, ingawa kitabu kinaniruhusu kusubiri hadi 500. Pampu ya dizeli ikila uchafu mara moja tu, bei yake ni ya filta za miaka kumi.

Ya 3,500 utaijuaje? Karatasi imekunjwa ovyo, mikunjo mingine imelaliana na mingine ina nafasi ya kupitisha kalamu. Gundi haijafika pembeni. Pete za mpira ni ngumu kama plastiki. Kwa filta ya oili ya kopo, chungulia mashimo madogo ya kuzunguka: nyuma yake lazima pawe na ulimi wa mpira laini unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Usukume kwa kijiti. Usipokuwepo, kila asubuhi injini itawaka bila oili juu kwa sekunde kadhaa, na utausikia mlio.

Kuna kosa jingine ambalo ni la sisi wenyewe. Filta kuingia kwenye nyuzi hakutoshi. Filta ya gari dogo inaweza kufunga vizuri kabisa, lakini valvu yake ya ndani inafunguka kwa msukumo mwingine, na oili ikapita bila kuchujwa. Linganisha namba, usilinganishe nyuzi.

Mimi nina desturi moja ambayo fundi alinifundisha nami siiachi. Kila filta ya oili inayotoka, tunaikata kwa msumeno wa chuma, tunatoa karatasi, tunaikamua na kuitandaza kwenye bati juani. Kwanza naona kama ilikuwa filta ya kweli au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Pili naona afya ya injini: weusi ni kawaida, lakini vijimeta vya njano au vya kung'aa kama fedha vinasema beringi za ndani zimeanza kuliwa. Mwaka juzi tuliviona mapema, tukafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tukabadilisha beringi za konrodi kabla shafti haijachubuka.

Filta ya hewa ndiyo iliyonipunguzia fedha nyingi kwa kutonunua. Yangu ni ya bakuli la oili. Haihitaji spea yoyote, inataka kufunguliwa, kuoshwa na kujazwa oili ya injini hadi kwenye alama, wala si juu ya alama. Msimu wa kuandaa mashamba, vumbi la Kiteto likipanda, dereva anaifungua kila jioni. Mwenye filta ya karatasi apulize kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, usiozidi bar 2, na ile ndogo ya ndani kabisa asiipulize kamwe. Hiyo inabadilishwa tu.

Oili ya injini

Ndoo ya lita 20 yenye jina la kampuni ya trekta nililipa 285,000. Ndoo ya kampuni ya mafuta inayojulikana, yenye maandishi yale yale ya daraja, 190,000. Maandishi ndiyo ya kusoma: SAE 15W-40 ni uzito, na API CH-4 au CI-4 ni kiwango. Herufi ya kwanza C ni ya injini za dizeli. S ni ya petroli. Injini kama yangu ilitengenezwa wakati viwango hivi vya juu havijakuwepo, kwa hiyo CH-4 inaitosha na zaidi. Oili ya bei ya juu kuliko hapo haiongezi kitu kwenye injini ya aina hii.

Injini yangu inachukua karibu lita 8 pamoja na filta, lakini stiki ndiyo yenye neno la mwisho. Ndoo moja inanipa huduma mbili na inabaki ya kuongezea.

Hesabu ya huduma moja ya saa 250 kwa bei za wakala ilikuwa: oili 114,000, filta ya oili 48,000, filta mbili za dizeli 44,000, jumla 206,000. Kwa kununua kwa namba: 76,000, na 25,000, na 18,000, jumla 119,000. Tofauti ni 87,000 kwa huduma moja, na kwa msimu wenye huduma tatu ni 261,000. Ishike namba hii, nitairudia.

Kama mita ya saa imekufa, na kwenye trekta nyingi imekufa, hesabu mapipa. Langu likilima kwa plau linakula takriban lita 8 kwa saa. Saa 250 ni lita 2,000, yaani mapipa 10 ya lita 200. Kila pipa likiisha dereva anachora mstari ukutani mwa banda, mstari wa kumi tunamwaga oili. Imeniondolea ubishi wa "nadhani tulibadilisha mwezi ule".

Oili ya nyuma, na kosa langu la 1,400,000

Hapa naomba msome taratibu.

Baada ya kufurahia faida ya msimu wa kwanza wa daftari nilijiona nimeshajua. Ukafika wakati wa kubadilisha oili ya nyuma, ile inayokaa kwenye giaboksi, difu na haidroliki kwa pamoja. Inaingia nyingi: nilinunua ndoo tatu, ya tatu ikabaki zaidi ya nusu. Kwa wakala ndoo moja ilikuwa 320,000. Muuzaji mmoja akaniambia, "Mama, haidroliki ni haidroliki, chukua hii 68, 150,000 tu." Hiyo 68 ni namba ya uzito wa oili. Ilikuwa oili safi, ya kampuni halali, ndoo imefungwa vizuri. Nikachukua.

Wiki ya tatu dereva akaja. "Mama, breki zinalia." Nikasema ni vumbi. Wiki ya tano zikawa zinatetemesha trekta zima ukizikanyaga na tela limejaa magunia. Breki za 290 ni diski zinazoogelea ndani ya oili ile ile ya nyuma. Oili ya haidroliki ya 68 imetengenezwa kwa ajili ya pampu na silinda za mashine. Haina dawa inayofanya diski zilizolowa zishike bila kuguguna. Zikaguguna hadi zikaisha. Kuvua nyumba za ekseli pande zote mbili, diski mpya, sili, oili sahihi ya kujaza upya na siku nne za trekta kusimama watu wakiwa na mashamba yao: 1,400,000.

Gawanya kwa ile 261,000. Akiba ya misimu mitano ilikwenda kwa ndoo tatu.

Oili inayotakiwa hapo ni ile ya pamoja ya matrekta, ambayo imeandikwa kwenye ndoo UTTO, na chini yake orodha ya vibali. Kwa Massey tafuta M1135, na kwa zilizo mpya zaidi M1141, M1143 au M1145. Kwa Ford na New Holland tafuta M2C134-D. Kwa John Deere tafuta J20C. Ndoo nzuri inataja zote kwa pamoja, na haina lazima iwe ya wakala: ninayotumia sasa nainunua 235,000 kutoka kampuni ya mafuta. Kwa hiyo bado nimeokoa 85,000 kwa kila ndoo ukilinganisha na wakala, lakini nimeokoa kwa kusoma.

Wapo wanaoweka oili ya injini huko nyuma, na wapo wanaoweka oili nzito ya gia ya GL-5 waliyoipata kwenye malori. Kwenye trekta ya breki zinazoogelea usifanye hivyo. GL-5 ina dawa zinazoweza kula hata vipande vya shaba vilivyomo ndani. Trekta za zamani kama 135, ambazo breki zake ni za dramu na ziko nje ya oili, zinavumilia zaidi, na hapo ndipo ushauri mwingi mbaya ulipoanzia: mzee alikuwa na 135, akamshauri kijana mwenye 290.

Pia ichungulie rangi. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia mpira uliopasuka wa gia liva wakati trekta limelala mvuani. Kuongeza oili mpya juu ya hiyo ni kumwaga fedha. Mwaga yote, funika tundu, kisha jaza.

Maji na grisi

Maji ya visima vyetu vya Dodoma yana chumvi, na chumvi ikishika kuta za injini joto halitoki. Nakinga mvua ya bati kwenye mapipa, nachanganya nusu kwa nusu na kulanti nzito, yaani dawa ya maji ya rejeta ambayo haijachanganywa na maji. Usinunue kulanti iliyochanganywa tayari, unalipia maji. Lita 5 zilizochanganywa zilikuwa 45,000. Lita 5 nzito 60,000, na zinakupa lita 10.

Grisi ni namba 2 ya lithiamu, ndoo kubwa, na ipigwe kila siku ya kazi kwenye spindo za mbele. Hakuna la zaidi hapo.

Pale ninapolipa bei ya wakala bila kubishana

Nina kanuni niliyoipata kwa fundi mzee, nayo imenisaidia kuliko ushauri wowote: usitazame bei ya spea, tazama kazi ya kuifikia. Spea ambayo ikikosea unafungua boliti mbili na kuibadilisha, jaribu ya bei nafuu. Spea ambayo ili kuifikia lazima trekta lipasuliwe katikati, weka bora kuliko zote unayoweza kuipata, hata kama ni mara mbili ya bei.

Sahani ya klachi iko huko. Sili ya nyuma ya krenkshafti iko huko. Ina bei ndogo kabisa, na ukiweka mbovu utapasua trekta tena baada ya miezi mitatu kwa ajili ya kipande cha mpira. Vipande vya pampu ya haidroliki, ambayo kwa Massey hizi imezama ndani kabisa kwenye oili, navyo viko huko. Gasketi ya silinda hedi naiweka kundi hilo hilo. Kwa hizi nakwenda kwa wakala na namba ya chesisi mkononi, naomba anifungulie kitabu cha spea, na nalipa. Hapo ndipo huduma yake ina thamani kwangu: akikosea namba, ana wajibu wa kubadilisha, na risiti ninayo.

Pampu ya dizeli yenyewe simpelekei wakala wala fundi wa shambani. Inakwenda kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Asiye na mashine hiyo asiiguse, hata akiwa ndugu.

Na kama trekta lako ni jipya na liko kwenye waranti, yaache haya yote kwa sasa. Fanya huduma zote kwa wakala, kwa oili yake, na tunza kila risiti hadi waranti iishe. Hali kadhalika matrekta mapya yenye vihisio na kompyuta: filta zake za dizeli zinachuja uchafu mdogo zaidi, na spea ya kukisia huko inaua vitu vya mamilioni.

Kununua kabla ya haraka

Bei mbaya kuliko zote nilizowahi kulipa, nimelipa mwezi wa Desemba, mvua imeshanyesha, trekta limesimama na wateja sita wamenipigia simu kabla ya saa tatu asubuhi. Mtu mwenye haraka hana namba, hana duka la pili, hana muda wa kusukuma ulimi wa filta kwa kijiti.

Siku hizi nanunua Julai na Agosti, mahindi yakiwa yameuzwa na maduka yametulia. Tuko wenye matrekta watano hapa Kibaigwa. Tunakaa, tunaorodhesha, na mmoja anakwenda Dar es Salaam, mitaa ya Gerezani, na orodha ya namba. Oili tunachukua pipa zima na kugawana siku ile ile linapofunguliwa, mbele ya wote, kwenye ndoo zilizooshwa na kukauka. Oili ya kupimiwa kwa jagi kwenye duka usiyemjua mwenyewe usinunue, hata kama pipa lina jina kubwa. Pipa tupu linajazwa chochote. Kwenye ndoo angalia kifuniko hakijaguswa, na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine yote ya mtaa ule, ondoka.

Kitu kidogo kikikosekana katikati ya msimu, namtumia muuzaji picha ya ukurasa wa daftari, si maelezo ya mdomo, naye anakiweka kwenye basi la Dodoma. Namwomba kwanza apige picha ya spea yenyewe, namba ikisomeka, kabla sijatuma fedha.

Kufikia mwisho wa Oktoba kabati la banda linakuwa na filta za oili tatu, za dizeli sita, mkanda mmoja wa feni, beringi mbili za 6205, sili za mbele, mpira mmoja wa haidroliki, ndoo za oili za injini na za nyuma zikiwa zimeandikwa kwa rangi, injini nyekundu, nyuma bluu, ili pasiwe na wa kuchanganya gizani. Ufunguo ninao mimi. Dereva akitaka filta mpya analeta kuukuu iliyokatwa, na karatasi yake imetandazwa kwenye bati.